Mshauri wa Duka Dogo: Habari za Wenye Maduka wa Japani

Wasomaji wetu wengi ni watu wa duka, au wana ndugu mwenye duka, nao wajua ya kuwa kazi hiyo ni ya upweke. Mwenye duka hukaa nyuma ya meza yake tangu alfajiri hata usiku, huonana na watu mia kwa siku, walakini hana hata mmoja wa kumwuliza: Je, mali hii nimeinunua sawasawa? Mbona sukari huisha Jumanne, na sabuni hulala rafuni mwezi mzima? Mnunuzi hajui. Na yule mwenye duka wa ng'ambo ya pili ya njia, hata kama ajua, hasemi, maana wanashindana. Mwezi huu twapenda kueleza habari za maduka madogo ya Japani, ambako watu walijaribu kuuondoa upweke huo. Walifaulu sana, tena njia iyo hiyo iliyowafaulisha ikawaletea ugomvi ambao haujaisha. Tutayaeleza yote mawili.

Asili ya maduka haya si Japani, ila Marekani. Mwaka 1927, katika mji wa Dallas, palikuwa na kampuni ya kuuza barafu iliyoitwa Southland Ice. Siku zile watu wengi hawakuwa na mashine za baridi nyumbani. Walinunua mapande ya barafu wapate kuhifadhi chakula. Mtumishi mmoja wa kampuni, John Jefferson Green, aliona kwamba wanunuzi wa barafu hutaka pia maziwa, mayai na mkate wakati wa jioni na siku ya Jumapili, maduka mengine yakiwa yamefungwa. Akaviweka vitu hivyo penye barafu yake, navyo vikauzika. Joe Thompson, mkubwa mmoja wa kampuni, alipoliona jambo hilo akalipenda, akaagiza lifanywe na penginepo. Mwaka 1946 maduka hayo yakapewa jina la 7-Eleven, yaani saba mpaka kumi na moja, kwa hesabu ya saa za Kizungu. Kwa hesabu yetu ni saa 1 ya asubuhi hata saa 5 ya usiku. Mwaka 1961 watu wa maduka ya namna hii huko Marekani walifanya chama chao, NACS, wapate kukutana na kuulizana habari za kazi, na chama hicho kingali kipo. Lakini ya Marekani twayapita upesi, kwa kuwa jambo tunalolitaka hasa lilikua mahali pengine.

Mwaka 1973 wenye maduka madogo wa Japani walikuwa na hofu kubwa. Maduka makubwa yalikuwa yakijengwa kila mji, na mtu aliyezoea kununua chumvi kwa jirani akaanza kwenda huko. Kelele za wanyonge zikawa nyingi hata bunge la nchi likatunga sheria mwaka huo ya kuyazuia maduka makubwa yasijengwe ovyo. Katika kampuni moja ya maduka makubwa, Ito-Yokado, palikuwa na bwana jina lake Toshifumi Suzuki, mzaliwa wa mkoa wa Nagano, ambaye zamani alifanya kazi katika kampuni ya kusambaza vitabu. Yeye alikuwa amesafiri Marekani na kuyaona yale maduka ya 7-Eleven kando ya barabara. Akasema kwamba duka dogo halifi kwa sababu ya udogo wake; hufa kwa sababu kazi yake haiendeshwi vema. Wakubwa wenzake wengi hawakukubali. Hata hivyo mwaka ule ule mapatano yakafanywa na watu wa Dallas, na Wajapani wakapewa ruhusa ya kulitumia jina lao.

Wakapewa pia vitabu vya mafundisho, vingi sana. Vilipofasiriwa, Bwana Suzuki na wenzake wakaona vimejaa maneno ya kumfundisha mtu ambaye hajapata kushika kazi ya duka hata siku moja: jinsi ya kusafisha, jinsi ya kupokea fedha. Siri waliyoitazamia haikuwamo. Sisi hatushangai. Kazi ya duka haitoki kitabuni ikaingia mkononi hivi hivi. Hupita kwanza kwa mtu.

Na mtu mwenyewe alipatikana kwa barua. Katika mtaa wa Toyosu, Tokyo, alikuwako kijana jina lake Kenji Yamamoto, mwenye duka la sake, ndiyo pombe ya mchele ya Kijapani. (Wasomaji wengine watakunja uso, walakini duka ni duka, na hesabu zake ni zile zile.) Duka hilo alilirithi kwa baba yake aliyefariki, naye aliona wazi kwamba kwa kuuza sake tu hatafika mbali. Alisoma gazetini habari za mapatano yale, akaiandikia kampuni barua ya kuomba kujaribu. Wengine katika kampuni walitaka duka la kwanza liwe mali yao wenyewe, wajifunze kwalo bila kumhatarisha mtu. Bwana Suzuki akasema sivyo. Kama shabaha ni kuyaokoa maduka madogo, basi waanze na mwenye duka dogo wa kweli. Tena akamwahidi kijana huyo kwamba kazi ikishindikana, duka lake litarudishwa kama lilivyokuwa. Tarehe 15 Mei 1974 likafunguliwa. Kitu cha kwanza kuuzwa hakikuwa mchele, wala chumvi, wala sake. Kilikuwa miwani ya jua.

Watu wakaja, fedha ikaingia, na bado faida ikawa haba. Sababu ilikuwa nini? Wenye bohari waliouza kwa jumla walizoea kuleta mali kwa wingi tu. Mwenye duka akitaka vitu kumi vya aina moja, huletewa kasha zima au hapewi kabisa. Basi chumba cha nyuma kikajaa, na makasha yakapanda mpaka katika nyumba ya kukaa watu. Walipokaa chini na kuhesabu kitu kimoja kimoja, wakaona wazi kwamba vitu vingine vilikuwa vimelala tu, navyo vimekula fedha ambayo ingalinunua vile viuzikavyo. Yeyote aliyepata kufungia rasilmali yake katika makopo ya maziwa yasiyonunuliwa ataijua hali hiyo bila kuelezwa.

Wakaenda kwa wenye bohari kuwasihi walete mali kidogo kidogo. Wakajibiwa, kama ambavyo mfanya biashara yeyote angejibu, kwamba gari haliwezi kufunga safari kwa ajili ya vitu kumi. Ndipo Bwana Suzuki akatoa amri iliyoonekana ya ajabu: maduka yote yanayofuata yafunguliwe katika wilaya ile ile ya Koto, karibu karibu, wala mtu asitoke nje ya mipaka yake. Wengine wakadhani amewataka wenye maduka walane wenyewe kwa wenyewe. La, maana yake ilikuwa gari moja lipite maduka mengi kwa njia moja, vitu kumi hapa, kumi pale, hata mzigo utimie. Mwanzo, duka moja liliweza kufikiwa na magari 70 kwa siku, kila mtengenezaji na gari lake. Mwaka 1980 walifaulu kuwashawishi watengenezaji wa maziwa, watu walioshindana vikali, wapakie maziwa yao katika gari moja. Baada ya miaka hesabu ya magari ikashuka hata kuwa chini ya 10. Kwa maoni yetu hili ni jambo kubwa kupita taa na rangi zote za maduka yale.

Sasa tumefika kwa mshauri mwenyewe. Kila mwenye duka aliyeingia katika mapatano hubaki ni mwenye duka, na hasara yake ni yake. Lakini kampuni humpa mtu wa kumtembelea. Mtu huyo huwekewa maduka saba au manane tu, naye hufika kila duka mara mbili kwa juma. Hafiki kukagua vumbi tu. Kazi yake ni kukaa na mwenye duka juu ya hesabu na kumwuliza: Kitu hiki mbona kimeuzwa? Kile mbona kimebaki? Kesho watu watataka nini, na kwa nini wadhani hivyo? Tangu mwaka 1982 mashine za kupokea fedha zimeandika kila kitu kiuzwacho na saa yake, hata mshauri na mwenye duka huwa na jambo lililo wazi la kuzungumza, si kubahatisha.

Bwana Suzuki alipenda kutoa mfano huu. Tuseme kuna duka katika njia iendayo bandari ya wavuvi. Watu wa Japani hupenda matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, na ndani hutiwa kitoweo. Tonge lenye tunda la ume, yaani tunda chachu lililotiwa chumvi, haliharibiki upesi hata kwenye jua. Ikiwa kesho ni siku ya mapumziko na kutakuwa shwari, wavuvi watapita alfajiri, watakaa chomboni hata mchana, nao watataka chakula kisichooza. Basi mwenye duka aagize matonge ya ume mengi kupita desturi, ayapange mahali pa kuonekana, aeleze kwa maandishi kwa nini yanafaa. Jioni atazame: je, yalikwisha? Kama sivyo, alikosea wapi? Jambo hili hufanywa kwa kila kitu dukani, tena si na mwenye duka peke yake. Wanafunzi waliokuja kufanya kazi saa chache nao hupewa rafu yao ya kuagiza, nao huulizwa maswali yale yale. Kijana anayeulizwa mawazo yake juu ya mali hujifunza biashara. Kijana anayefagia tu hujifunza kufagia.

Washauri nao walikuwa na mahali pao pa kukutana. Kwa miaka mingi waliitwa Tokyo kutoka pande zote za nchi, kwanza kila juma, baadaye kila majuma mawili, wawe watu elfu na zaidi katika ukumbi mmoja. Gharama ya nauli ilikuwa kubwa, na watu walimwuliza Bwana Suzuki kwa nini asipeleke maneno yake kwa simu au kwa karatasi. Aliona kwamba neno lipitalo vinywa vitatu hufika likiwa neno jingine. Na katika mikutano hiyo hakusema yeye tu. Mshauri wa kaskazini alieleza jinsi duka moja lilivyouza kitu fulani wakati wa theluji, na wa kusini akaenda nalo kwake. Mwenye duka wa kijiji cha mbali, asiyepata kuifikia Tokyo maishani mwake, juma lile lile alijua jambo lililovumbuliwa na mwenzake asiyemjua jina.

Hapa twakumbuka habari za pwani yetu. Neno duka lenyewe lilitufikia kwa njia ya bahari, na maduka ya bara hayakuota kama uyoga. Allidina Visram alikuja kutoka Kutch, nchi ya Bara Hindi, akiwa kijana mdogo, akajifunza kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewatayarishia wasafiri mali na wapagazi. Baada ya Sewa Haji kufariki mwaka 1897, kijana wake wa zamani alipeleka maduka mpaka Uganda, akifuata njia ya reli, naye akawapa wenye maduka wadogo mali kwa mkopo waanze. Alifariki mwaka 1916. Elimu ile ilipita mkononi mwa mtu kwa mtu, mara nyingi kwa watu wa jamaa moja au jamati moja, na asiyekuwa wa jamaa alibaki nje ya mlango. Kwa Wajapani hapo ndipo palipo tofauti: mshauri aliletwa kwa mtu yeyote aliyetia sahihi.

Mwanafunzi akaja kuwa mwalimu. Mwaka 1990 kampuni ya Dallas ililemewa na madeni hata ikaomba ulinzi wa mahakama, na Machi 1991 Wajapani wakanunua sehemu yake kama asilimia 70 kwa dola milioni 430. Watu waliofasiri vitabu vya Marekani wakavuka bahari kuwafundisha Wamarekani kuagiza kitu kimoja kimoja. Leo maduka ya 7-Eleven katika Japani peke yake yapita 20,000.

Hayo ndiyo mema yake. Sasa tueleze ugomvi, na msomaji atushikie hesabu kidogo. Mwenye duka na kampuni hugawana faida, lakini faida huhesabiwaje? Tuseme, kwa mfano tu, amenunua matonge 10 kwa yeni 70 kila moja, auze kwa yeni 100, na wagawane nusu kwa nusu. Manane yameuzwa, mawili yamepitwa na saa yakatupwa. Mtu wa kawaida atasema: nimepata 800, nimetoa 700, faida ni 100. Katika mapatano ya maduka haya hesabu haikuwa hivyo. Gharama iliyotolewa ni ya yale manane tu, yaani 560, na faida ikawa 240. Kampuni huchukua 120. Mwenye duka naye hupata 120, kisha hulipa mwenyewe 140 ya matonge mawili yaliyotupwa, akaishia hasara ya 20. Kama angeyauza mawili yale ya mwisho kwa yeni 50 kila moja, mapato yote yangekuwa 900, faida 200, na kila mmoja angepata 100. Kwa mwenye duka ni afadhali kubwa. Kwa kampuni ni upungufu wa 20.

Sasa, je, yule mshauri afikaye mara mbili kwa juma atamshauri mwenye duka apunguze bei, au aache mali itupwe? Mshauri hula mshahara wa kampuni. Tarehe 22 Juni 2009 Tume ya Biashara ya Haki ya Japani ikaiamuru kampuni iache kuwazuia wenye maduka kupunguza bei ya vyakula vinavyokaribia kuharibika. Baada ya amri hiyo kampuni ikakubali kuchukua asilimia 15 ya gharama ya vyakula vinavyotupwa. Na mwaka 2020 Tume iyo hiyo ikatoa taarifa ya uchunguzi wa maduka ya namna hii ya kampuni mbalimbali, na wenye maduka wengi walisema wamepata kushurutishwa kuagiza mali kupita walivyotaka. Shauri likawa amri, ingawa jina lake bado ni shauri.

Wenye maduka nao wakaanza kukutana wenyewe. Mwaka 2009, katika Okayama, walifanya chama cha kusema na kampuni kwa sauti moja. Kampuni ikakataa kukaa nao mezani, ikisema hao si watumishi wake bali ni wafanya biashara huru. Mwaka 2014 baraza la kazi la Okayama likawapa haki wenye maduka. Mwaka 2019 baraza kuu likaligeuza neno hilo, na mahakama zikalithibitisha, hata mwaka 2023 shauri likafungwa. Kwa sheria, basi, mwenye duka ni huru. Lakini mwezi Februari 2019 mwenye duka mmoja wa Higashi-Osaka, kwa kukosa watu wa kazi, alifunga duka lake saa chache za usiku. Kampuni ikamdai faini, na mwisho wa mwaka mapatano yake yakavunjwa. Mahakama ikaipa kampuni haki, ikitaja malalamiko ya wanunuzi. Hata hivyo nchi nzima ilikuwa imekwisha kuzungumza habari ile, na kabla ya mwaka kuisha kampuni ikatoa kanuni za kuruhusu maduka kufungwa usiku. Twaona ajabu kwamba mtu huru aombe ruhusa ya kulala.

Wasomaji wenye maduka watauliza, sisi hatuna kampuni ya kutuletea mshauri, habari hizi zatufaa nini? Kwa maoni yetu, kilicho bora katika mambo ya Japani hakihitaji kampuni. Wenye maduka wawili au watatu wa vijiji mbalimbali, wasiogombania mnunuzi mmoja, waweza kukutana siku moja kila majuma mawili na madaftari yao, kila mtu aandike kilichouzwa na kilicholala, na mwenzake amwulize kwa nini. Waweza pia kukodi gari moja na kununua kasha moja la jumla wakaligawa, kila mtu achukue kadiri ya wanunuzi wake. Aliye mzee katika kazi asitie mkono katika fedha ya kijana, wala asigawane naye faida. Hivyo shauri lake litabaki shauri. Na la mkopo lizungumzwe mapema, maana Wajapani hawa hawana daftari la madeni ya majirani, nasi tunalo.

Msomaji yeyote ambaye amekwisha kufanya jambo la namna hii na wenzake, likafaa au lisifae, twamwomba atuandikie jinsi walivyogawana gharama ya gari, na walifanya nini na mali iliyobaki.